Nani Alipie Waraka wa Bahari?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa wiki mbili zilizopita, akihoji kwa nini sisi tunaoandika habari za sayansi ya bahari kwa Kiswahili, nje ya taasisi na nje ya serikali, tunawachangisha watu ambao wengi wao ni wavuvi na wakulima wa mwani. Hoja yake ilikuwa fupi na, nakiri, haikuwa ya kijinga: bahari ni ya wote, takwimu zinapatikana bure kwenye intaneti, watafiti wana mishahara yao, sasa huyu aliyekaa katikati anadai nini? Hakunitaja kwa jina, lakini katika mwambao huu wa kaskazini tunaofanya kazi hiyo tunajuana wote, nami nilijiona karibu katika kila mstari.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, mkazi wa Tanga. Tangu mwaka 2016 natoa waraka wa kurasa nne kila mwezi unaoeleza hali ya bahari yetu: joto la maji, pepo na mikondo, magonjwa ya mwani, samaki wanaoonekana na wanaotoweka, na yale ambayo watafiti wameyagundua katika maji haya haya tunayoyavua. Waraka hutoka siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wasomaji wangu wako mwambani au kwenye kamba za mwani na hawana nafasi ya kushika simu. Husambazwa kwa simu kama maandishi, na kwa wale ambao macho yamechoka au shule haikuwafikia, mpwa wangu huusoma kwa sauti na kuurusha kwenye makundi. Hapo awali nilikuwa na ukurasa wangu mtandaoni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipoanza kutumika, ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka zikijumlishwa zilifika shilingi milioni 2.1. Ada hizo zilikuja kupunguzwa, lakini mwaka ule kiinua mgongo changu kilikuwa kimekwisha kwenye bati na saruji, nikaufunga ukurasa na kubaki na simu.

Nianze na hilo neno bure, kwa kuwa ndilo lililomchanganya ndugu yetu.

Ni kweli kwamba takwimu nyingi za bahari hazilipiwi. Maboya ya mpango wa Argo, yapatayo 4,000 katika bahari zote za dunia, huzama hadi mita 2,000 na kila baada ya siku kumi hivi hupanda juu yakipima joto na chumvi njiani, kisha hutuma vipimo kwa setilaiti, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuvichukua. Idara ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, huonyesha kila siku joto la uso wa bahari kwa miraba ya kilomita tano kwa tano, pamoja na tahadhari ya kupauka kwa matumbawe. Nayatumia yote mawili na nawashukuru walioyaacha wazi. Lakini mraba wa kilomita tano huchanganya bwawa la ndani ya mwamba na kina cha nje ya mwamba ukaviita kitu kimoja, na setilaiti huona ngozi ya maji tu. Mkulima wa mwani hafanyi kazi katika wastani wa mraba huo; anafanya kazi katika maji yanayomfika magotini, bahari ikiwa imekupwa na jua la kaskazi likiwa utosini. Machi 2024 nilifunga kipimajoto kwenye kigingi cha mama mmoja ambaye nimemfahamu tangu nikimfundisha mwanawe, na saa tano asubuhi kikasoma nyuzi 34, ilhali ramani ya siku ile ile ilionyesha nyuzi 30 hivi. Mama yule alikuwa ameinama akifungua taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, na kila alipogusa shina lililopauka lilikatika lenyewe likabaki kidoleni mwake kama tambi iliyopikwa kupita kiasi. Hakuniuliza habari za nyuzi. Aliniuliza: "Mwalimu, nivune hivi hivi, au nisogeze kamba nje?"

Jibu la swali hilo halipo kwenye ramani yoyote ya bure. Lipo kwa wakulima wa Unguja, ambako kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki, na ambako aina ya kotoni, yenye bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosamu, lakini isiyostahimili joto, imekuwa ikifa tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Lipo kwa watafiti kama Dkt. Flower Msuya, aliyetumia miaka mingi kujaribu na wakulima hao njia ya kupanda mwani katika maji ya kina kwa nyavu zilizoshonwa kama mirija. Na lipo pia katika jambo ambalo halikai vizuri kwenye jedwali, kwamba kusogea nje kunahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wa wanaolima mwani ni wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kuogelea. Nilimjibu mama yule baada ya siku nne, na siku hizo nne zilikuwa na nauli, simu za masafa, na saa za kusoma maandishi ya Kiingereza yenye majina ya bakteria ambayo hata mimi niliyefundisha somo lenyewe kwa miaka 31 ilinibidi niyatafute. Hiyo ndiyo kazi ya aliyekaa katikati.

Naomba nieleze pia kosa langu, maana bila hilo msomaji hataelewa pesa inakwenda wapi.

Katika mwaka wa pili wa waraka nilianza kutoa nyakati za kupwa na kujaa, nikizinakili kutoka jedwali moja la mtandaoni. Kwa bamvua la mwezi ule niliandika kwamba maji yangekupwa kabisa saa moja asubuhi. Wanawake wa kijiji kimoja, wakiwa na imani na mwalimu, walitoka nyumbani gizani na vikapu vyao, wakafika ufukweni saa moja na kukuta bahari bado imewajaa kiunoni. Walikaa juu ya mchanga hadi saa nne ndipo maji yakatoka. Mzee yeyote wa hapa angewaambia kwamba katika pwani yetu maji ya bamvua hukupwa saa nne, asubuhi na usiku, tangu babu zetu. Lakini waraka ulikuwa umeandikwa, na kilichoandikwa kina nguvu yake. Jedwali lile lilikuwa la saa za Greenwich, nami sikuongeza saa tatu zetu. Walinipitia nyumbani wakirudi, wakiwa wanacheka kuliko walivyokasirika, na mmoja wao akasema, "Shikamoo Mwalimu. Bahari yako leo imechelewa kazini." Niliwaomba radhi mlangoni, na mwezi uliofuata nikaomba radhi tena ndani ya waraka. Lakini usiku ule nilitambua kwamba ningeweza kukosea vivyo hivyo kwa jambo ambalo halina kicheko.

Tangu hapo hakuna waraka unaotoka kabla ya kusomwa na watu wawili: mmoja aliyesomea sayansi ya bahari, na mmoja nahodha mstaafu ambaye hajui grafu lakini anajua pepo, kuanzia matlai hadi kusi kuu. Wote wawili nawalipa. Si pesa nyingi, na yule nahodha mara nyingi huirudisha nusu yake kwa njia ya samaki, lakini nawalipa, kwa kuwa mtu anayehakiki kwa hisani huona haya kukwambia kwamba ukurasa wote wa tatu ni upuuzi. Zaidi ya nusu ya kila ninachokusanya huenda kwa wahakiki hao. Kinachobaki hununua bando, nauli, vipimajoto vinavyoliwa na kutu, na kumlipa mpwa wangu wa sauti. Mimi mwenyewe naishi kwa pensheni.

Jambo lisilo na kicheko lilikuja Machi 2024, mwezi ule ule wa kipimajoto. Katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Kutoka Tanga hadi Pemba ni mkondo mmoja wa maji na ukoo mmoja wa watu, kwa hiyo habari ilifika hapa kwa simu kabla ya kufika kwa redio, na ilifika ikiwa imekwisha kuvaa nguo nyingine. Asubuhi ya pili pale dikoni, wanakoshushia samaki, niliambiwa kwamba meli imemwaga sumu baharini, kwamba ni samaki wote, kwamba ni uchawi, kwamba pweza wa kaskazini wasiliwe. Mnadani dau la changu lilitajwa mara tatu na hakuna aliyeinua mkono. Wazee walikumbushana mwaka 2006, pomboo wapatao 400 walipokutwa wamekufa karibu na Nungwi, na uvumi wa wakati ule ukafufuliwa ukiwa na afya njema kuliko ulivyozikwa.

Ningeweza kuandika jioni ile ile. Wapo walioandika. Mimi nilikaa siku tatu, na nilitukanwa kwenye makundi kwa ukimya wangu. Nilizungumza na tabibu aliyewahi kufanya kazi Pemba, nikasoma taarifa za matukio kama hayo kutoka visiwa vingine vya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na nikawapelekea wahakiki wangu rasimu mara mbili. Waraka ulipotoka ulisema mambo yaliyokuwa na uhakika, bila kuongeza: kwamba sumu hii hukusanyika mwilini mwa kasa, na watafiti wanaihusisha na mwani mdogo wenye sumu anaoula, kwamba haionekani, hainuki, na moto hauiondoi hata nyama ikichemshwa mchana kutwa, kwamba kasa mmoja anaweza kuwa salama na wa pili akaua, kwa hiyo ushahidi wa aliyekula zamani bila kudhurika si ushahidi, kwamba haina dawa maalumu ya kuiondoa, kwamba watoto ndio huathirika zaidi, na sumu yaweza kumfikia mtoto kwa maziwa ya mama aliyekula. Na kwamba changu hana neno. Nilikumbusha pia kwamba Novemba 2021, huko huko Pemba, watu saba walikuwa wamekufa kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo hii haikuwa ajali ya mara moja ambayo mtu angeweza kuisahau kwa amani.

Nauliza sasa: siku tatu hizo alizilipia nani? Hazikulipiwa na mradi wowote, kwa kuwa hakuna mradi uliokuwa umeandika kasa wa Panza kwenye bajeti yake. Zililipiwa na wavuvi na wakulima wa mwani waliotoa shilingi 500 na 1,000 miezi kadhaa nyuma, kabla ya yeyote kujua kwamba siku hizo zingekuja.

Ndugu yetu aliuliza kwa nini basi tusiende kwa wenye pesa. Nimekwenda. Nilipata mara moja fedha za mradi, na sina malalamiko juu ya adabu ya waliozitoa. Walitaka waraka uzungumzie hifadhi ya mikoko, nami sina ugomvi na mikoko. Lakini kwa mwaka mzima ule kila nilipotaka kuandika juu ya kitu kingine ilinibidi nieleze kinahusianaje na mikoko, na ukurasa wa kwanza ulijaa nembo hadi mama mmoja akaniuliza kama nimeanza kuuza sabuni. Mradi ulipofika mwisho wake waraka ulikufa kwa miezi minne, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwazoesha wasomaji kwamba kuna mtu mwingine anayelipa.

Mara ya pili ilikuwa kampuni moja yenye shughuli zake ufukweni. Walinipigia simu wenyewe, wakanikaribisha chai, wakasema wanapenda sana elimu kwa jamii. Tulikubaliana karibu kila kitu. Kisha, tukiwa tumesimama kuagana, ofisa mmoja kijana, ambaye naamini alikuwa anatimiza tu alichotumwa, akasema kwamba ile aya ya mwezi uliopita kuhusu maji ya matope yanayoshuka kwenye nyasi bahari wakati wa mvua haikuwa na tatizo lolote, ila wangependa aya za namna hiyo wazione kwanza kabla hazijatoka. Nilimwambia, "Baba, wanaoziona kwanza ni wawili, na nafasi zimejaa." Sikuitwa tena chai. Sisemi kwamba kampuni ile ilikuwa inachafua. Sikuwa na vipimo vya kutosha kulisema hilo, na ndiyo maana aya yenyewe ilikuwa imeuliza tu. Lakini mtu akinunua haki ya kuliona swali kabla halijaulizwa, hahitaji tena kulijibu.

Kuhusu serikali na taasisi zake nitasema kwa uchache, maana naziheshimu na nimesoma kwa jasho lao. TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, ipo tangu mwaka 1980, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya kazi Unguja tangu miaka ya 1970, wenzetu wa Kenya wana taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, pale Mombasa tangu mwaka 1979, na jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda huu, WIOMSA, yenye makao yake Zanzibar, iliundwa mwaka 1993. Hatuna uhaba wa ujuzi. Tunachokosa ni ujuzi huo kurudi ufukweni ukiwa katika lugha ya ufukweni. Jarida la kisayansi la ukanda huu limekuwa likitoka tangu mwaka 2002 na halimlipishi msomaji, jambo la kupongezwa sana, ila makala zake huandikwa kwa Kiingereza. Na mtafiti hupandishwa cheo kwa makala hizo, wala sijamsikia aliyepanda cheo kwa kueleweka dikoni.

Nitatoa mfano mmoja wa nyumbani. Silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na zama za mijusi wakubwa, alipatikana Afrika Kusini mwaka 1938, kisha Komoro mwaka 1952. Kuanzia mwaka 2003 alianza kunaswa katika maji ya Tanzania, na hapa Tanga alinaswa mara nyingi kwenye majarife, nyavu kubwa zilizotegwa kwenye kina kirefu. Dunia ilikuja. Wavuvi wetu walipigwa picha na samaki mkubwa wa buluu mwenye mapezi kama viganja, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2021, watafiti wa Ufaransa waliosoma pete za magamba yake kwa hadubini walionyesha kwamba samaki huyu anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike huwa hajakomaa kuzaa hadi avuke miaka 50, na kwamba mimba yake huchukua yapata miaka mitano. Kwa mwenye jarife hiyo ni habari nzito kuliko picha zote: anayemnasa jike mmoja huenda ameondoa baharini kiumbe mwenye umri wa bibi yake. Nilipoiweka kwenye waraka, mvuvi mmoja aliyewahi kupigwa picha zile alinipigia simu usiku. Alitaka kujua kama yule wake alikuwa jike. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alikuwa ameisubiri taarifa hiyo bila kujua kwamba anaisubiri, na ilikuwa imechapishwa mahali ambapo asingeweza kuifikia hata kama angeambiwa ipo.

Basi narudi kwenye kuchangisha. Huko Marekani wapo waandishi huru wa sayansi ya bahari wanaolipwa na wasomaji wao kidogo kidogo kila mwezi, kupitia huduma kama Patreon iliyoanzishwa mwaka 2013, na ninawaonea wivu wa heri. Lakini utaratibu ule umejengwa juu ya kadi ya benki na mshahara wa mwisho wa mwezi, navyo ni vitu viwili ambavyo mvuvi wa ngalawa hana. Pesa ya hapa haiji kwa mwezi. Inakuja na kaskazi, bahari ikitulia na hata mwenye mtumbwi akitoka, kisha inakauka kusi ikivuma. Nilipokuwa naomba kila mwezi niliwaudhi watu bila faida. Sasa natangaza mchango mara moja kwa mwaka, katikati ya kaskazi, na kipindi cha kusi simwombi mtu kitu. Anayetoa hutoa kwa simu. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 michango midogo ilikatika karibu yote, kwa kuwa mtu hakuona maana ya kutuma shilingi 500 na kukatwa tena njiani. Tukarudi kwenye kopo, na kopo lile lipo hadi leo kwa wanaopenda kusikia pesa yao ikianguka. Wapo pia vijana wa Tanga na Pemba walioko Maskati wanaotuma kwa pamoja, na kwao nina kanuni ile ile niliyo nayo kwa wote: hakuna mchangiaji mmoja, mtu au kikundi, anayeruhusiwa kutoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya mwaka. Kanuni hiyo imenigharimu. Mwaka mmoja nilirudisha pesa nikiwa nazihitaji sana, na mke wangu alininunia hadi mwezi ukaandama.

Ndugu Mhariri, kwako na kwa wenzako nina ombi ambalo huenda lisikufurahishe. Magazeti yetu hutenga kurasa kwa mpira, kwa siasa na kwa tiba za asili, lakini habari ya bahari huonekana pale tu watu wanapokufa majini au waziri anapozuru. Mara tatu nimeona waraka wangu, neno kwa neno pamoja na kosa la chapa, ndani ya gazeti moja lisilo hili, bila jina na bila senti. Mara ya tatu niliandika barua, nikajibiwa kwamba nimesaidiwa kutangazwa. Ninachoomba si hisani: gazeti litenge safu ya bahari, hata robo ukurasa kwa wiki mbili, limlipe mwandishi wake kama linavyomlipa mwandishi wa mpira, na lisimwondolee mhakiki wake. Vijana wanaoweza kuijaza wapo. Nimewafundisha baadhi yao, na wengi sasa wanaendesha bodaboda wakiwa na shahada ya sayansi ya bahari kabatini.

Kwa watafiti, wa ndani na wa nje, ombi ni jepesi zaidi. Kila andiko la kuomba fedha za utafiti lina kifungu cha usafiri, cha vifaa na cha mkutano wa kufunga mradi wenye chai na vitafunwa. Kiongezwe kifungu kidogo cha muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili, utakaobandikwa kwenye diko ambako sampuli zilichukuliwa, na fedha yake alipwe mtu asiye chini ya mradi huo, ambaye ana ruhusa ya kuandika kwamba matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Ningefurahi kama Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, ingelifanya hilo kuwa sharti la kibali.

Ama ndugu yangu aliyeandika, sina kinyongo naye. Nimekaa darasani miaka mingi kiasi cha kumpenda anayeuliza gharama. Daftari la mapato na matumizi ya waraka, tangu shilingi ya kwanza, limefungwa kwa kamba ya mwani na linaning'inia kwenye msumari ndani ya kibanda cha mnada, ambako yeyote huruhusiwa kulishusha na kulisoma, na wengine wameandika maoni yao pembeni kwa kalamu ya risasi, mengine si ya kusomwa mbele ya watoto. Ukurasa wa mwaka 2024 una doa la mafuta ya papa, lakini tarakimu zinasomeka. Aje siku za maji mafu. Nitakuwepo, na wahakiki wangu wote wawili watakuwepo.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Tanga